"Ya Nini?": Swali Dogo Lenye Kulinda Nyumba Nzima

ATOKAYE Dar es Salaam kwa barabara kuu huiona milima ya Uluguru ikijiinua mkono wa kushoto, na kabla hajaingia mjini Morogoro hupita Kingolwira. Wengi hupapita bila kupaangalia. Jina la mahali hapo wamelisikia kwa sababu ya gereza lake la kilimo, au kwa sababu ya kituo chake katika Reli ya Kati. Lakini Kingolwira ya leo ni sehemu ya mji unaokua. Wako watumishi wa ofisi waendao mjini kila asubuhi, wastaafu waliojenga, mafundi, waendesha bodaboda, na kina mama wanaolima na kuuza mboga. Karibu kila mmoja wao ana simu mfukoni, na karibu kila mmoja ametumia simu hiyo kupokea fedha, kutuma fedha au kukopa fedha.

Makala haya yanahusu kitu kinachotoka katika nyumba za Kingolwira kila siku bila mlango kuvunjwa wala dirisha kufunguliwa, kama kinavyotoka katika nyumba za Mbagala, za Mwanjelwa na za Ngarenaro. Kitu hicho ni habari za watu wa nyumba hiyo: majina yao, namba zao, umri wao, madeni yao, maradhi yao na sura za watoto wao.

HESABU YA SIKU MOJA

Hebu tuifuate familia moja ya kawaida kwa siku moja, kwa mfano tu. Baba anakwenda kwenye ofisi fulani mjini. Mlinzi wa langoni anamsogezea daftari la wageni aandike jina, atokako, namba ya simu na sahihi. Kabla hajaandika, macho yake yamekwisha kusoma, hata bila kutaka, majina na namba za watu kumi waliomtangulia. Atakayemfuata atasoma zake.

Binti anataka kuomba nafasi ya masomo. Anapiga picha cheti chake cha kuzaliwa na Kitambulisho cha Taifa, anazituma kwa WhatsApp katika simu ya mwenye duka la steshenari, zinachapwa, analipa na kuondoka. Karatasi ameondoka nazo. Picha zimebaki katika simu na kompyuta ya mtu asiyemjua. Mama naye ametoa fedha kwa wakala, na jina lake na namba yake vimeandikwa katika daftari lililo wazi juu ya meza. Mtoto wa mwisho amepigwa picha shuleni akiwa katika sare, na picha imewekwa mtandaoni ili watu waione shule inavyopendeza. Usiku kaka mtu amepakua programu ya mikopo, ambayo imemwomba ruhusa ya kusoma orodha yote ya majina yaliyomo katika simu yake. Amebonyeza "kubali" kwa haraka ileile ya kufukuza mbu.

Mpaka hapo siku imekwisha, na hakuna hata mmoja katika nyumba hiyo aliyeuliza: ya nini?

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Zamani mtungi ulikuwa na kata moja, nayo ilikaa nyumbani. Leo kata ni nyingi, na nyingine ziko mikononi mwa watu ambao hatutawaona kamwe.

HABARI ZIPI HASA?

Sheria ya nchi yetu inaziita habari hizo "taarifa binafsi". Maana yake ni taarifa yoyote iliyowekwa katika kumbukumbu ambayo kwayo mtu fulani anaweza kutambuliwa. Jina ni taarifa binafsi, namba ya simu ni taarifa binafsi, alama ya kidole na picha kadhalika. Ziko pia taarifa ambazo sheria inaziita nyeti, kwa kuwa zikivuja madhara yake ni makubwa zaidi: habari za afya, imani ya dini, msimamo wa kisiasa, uanachama katika chama cha wafanyakazi, alama za mwili kama vidole, miamala ya fedha ya mtu, na taarifa za watoto.

Watu wengi hudhani kwamba namba ni namba tu. Sivyo. Itazame namba yako ya Kitambulisho cha Taifa itolewayo na NIDA. Ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo anayepewa namba hiyo amepewa na umri wako, hata kama hakuuliza.

Likumbuke na jina la mama. Katika ofisi nyingi, jina la mama hutumiwa kama swali la kumtambua mtu. Huduma ya NIDA ya kujipatia namba kwa njia ya intaneti, kwa mfano, ilimtaka mwombaji ajaze jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na majina ya mama yake. Mahali ambapo watu hawajuani, jina la mama huenda likawa siri. Lakini Uluguru ni nchi ambayo ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Jina la mama wa mtu na ukoo wake hujulikana na kijiji kizima, hutajwa msibani, harusini na katika mambo ya mashamba. Jambo ambalo kwetu ni heshima ya kutajwa hadharani, kwingine limefanywa ufunguo wa mlango. Hatuwezi kuacha kuwataja mama zetu. Lakini yatupasa tujue kwamba tukiandika jina kamili, siku ya kuzaliwa na jina la mama katika ukurasa mmoja ulio wazi kwa watu wote, tumemkabidhi mpita njia funguo kadhaa kwa pamoja.

KUTOKA KIPANDE HADI KIDOLE

Kuandikwa si jambo geni kwa wafanyakazi wa nchi hizi. Katika mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga wakati wa ukoloni, kibarua alipewa kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ambayo amemaliza kazi yake. Siku 30 zilipotimia ndipo alipolipwa. Kazi ilikuwa yake na jasho lilikuwa lake, lakini mwenye kutia alama alikuwa mwingine. Na alama ikikosekana, siku ilikuwa imepotea.

Katika nchi jirani ya Kenya kipande kilikuwa kizito zaidi. Kuanzia mwaka 1920 hivi, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kutembea na kipande chenye jina, alama za vidole na habari za waajiri wao. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali, wala hakuna aliyewaeleza habari hizo zitatumiwaje. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumwandika mtu kwa heshima na kumwandika kama mzigo.

Katika wakati wetu vidole vimerudi kwa sababu nyingine. Tangu tarehe 1 Mei, 2019, laini za simu nchini Tanzania zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Muda uliowekwa ulikuwa hadi mwisho wa Desemba 2019, nao ukaongezwa hadi tarehe 20 Januari, 2020. Nia ilikuwa kuzuia wahalifu wasijifiche nyuma ya laini zisizo na mwenyewe, na nia hiyo haina ubaya. Lakini penye mlango mpya hapakosi mwizi mpya. Baadhi ya mawakala wasio waaminifu wamewaambia wateja, "Weka kidole tena, hakikushika," kumbe kidole cha pili kinasajili laini nyingine. Laini hiyo huuzwa, hutumiwa kwa utapeli, na siku polisi wanapofuatilia, jina linaloonekana ni la mama wa watu ambaye hajui lolote.

MKOPO ULIOFIKA KWA MKWE

Sasa na tufike kwenye jambo ambalo limezitia nyumba nyingi aibu na machozi katika miaka ya karibuni, yaani mikopo ya mtandaoni.

Tuseme mama mmoja muuza mboga amepungukiwa mtaji. Anahitaji shilingi 50,000 apate mzigo wa asubuhi. Benki iko mbali naye kwa kila hali, kikundi chake cha kuweka na kukopa kimekwisha gawana, na jirani ana shida kama yake. Katika simu anaona tangazo la mkopo wa dakika tano, bila dhamana na bila mdhamini. Anapakua programu. Programu inaomba ruhusa ya kuona majina yaliyomo katika simu. Akikataa, mkopo haupatikani. Anakubali. Fedha inaingia ikiwa imekwisha kukatwa, na siku za kulipa ni chache.

Mvua inanyesha siku tatu mfululizo, mboga zinaoza, siku ya malipo inapita. Hapo ndipo anapogundua kwamba kumbe mkopo ule ulikuwa na dhamana. Dhamana yake ilikuwa watu. Ujumbe unatumwa kwa mwalimu wa mtoto wake, kwa mjumbe wa mtaa, kwa kiongozi wake wa dini, kwa wateja wake wa mboga, na kwa baba mkwe: "Mwambie fulani alipe, ni tapeli, amekuandika wewe." Baba mkwe, ambaye mama huyu hawezi hata kutamka jina lake kwa sababu ya heshima, anasoma habari za deni lake katika ujumbe wa matusi ulioandikwa na mtu asiyejulikana.

Deni ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Hakuna mtu wa haki atakayesema vinginevyo. Lakini tulitazame jambo hili vizuri. Deni lilikuwa la mama. Je, namba ya baba mkwe ilikuwa ya nani? Namba ile hakuwa ameiuza wala kuiweka rehani yeye mwenyewe. Alimpa mkwewe ili siku ya ugonjwa au ya msiba apate kuitwa. Ilikuwa amana. Mkopeshaji aliyeichukua hakumwomba mwenyewe, na mama aliyebonyeza "kubali" alitoa kitu ambacho hakikuwa chake peke yake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Tumezoea kusema "simu yangu", "taarifa zangu", "mimi sina cha kuficha". Lakini simu ya mtu mmoja katika nchi yetu ni daftari la ukoo. Ndani yake wamo wazazi, wakwe, watani, wafanyakazi wenzake, daktari wake na watoto wa ndugu zake. Anayeufungua mlango huo haufungui kwa ajili ya nafsi yake tu.

Benki Kuu ya Tanzania iliona hatari hiyo. Mwezi Agosti 2024 ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa njia za kidijiti, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza hadharani orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkopaji si riba tu. Aulize pia: mkopeshaji huyu ana leseni? Na majina yaliyomo katika simu yangu anayataka ya nini?

"ILE HELA TUMA KWA NAMBA HII"

Wakazi wa Morogoro wana sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko wengi. Katika taarifa zake za robo mwaka, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeutaja mkoa huu mara kadhaa, pamoja na Rukwa, kuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya udanganyifu kwa njia ya simu. Si sifa ya kujivunia kwa mkoa wenye milima mizuri na watu wachapakazi.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii" unajulikana na kila mtu. Tapeli wa namna hiyo hurusha ndoana gizani akitumaini kwamba siku hiyohiyo ulikuwa na mtu wa kumtumia kodi ya nyumba au ada ya shule. Lakini yuko tapeli wa pili, hatari zaidi, ambaye hupiga simu akikuita kwa majina yako yote matatu. Huyo hana uganga. Huenda jina lako amelitoa katika daftari la wageni, au katika daftari la wakala, au katika orodha iliyotundikwa mtandaoni. Tena mtu akianza tu kutuma fedha kwa namba fulani, jina la mwenye namba hutokea ili mtumaji ahakikishe. Utaratibu huo uliwekwa kwa nia njema, nao umeokoa fedha nyingi zisipotee. Lakini kwa utaratibu huohuo, mwenye namba yako anaweza kulijua jina lako.

Fundisho ni moja: mtu kukujua jina si ushahidi kwamba ametoka katika kampuni ya simu au benki. Hakuna mtumishi wa kweli anayehitaji namba yako ya siri. Anayeiuliza amejitambulisha mwenyewe kuwa mwizi.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa yeye mwenyewe, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Haki hiyo iliingia katika Katiba pamoja na haki nyingine za msingi kwa marekebisho ya mwaka 1984. Lakini kwa miaka mingi haikuwapo sheria moja ya kueleza kwa upana haki hiyo ilindwe vipi katika dunia ya kompyuta na simu.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka huo, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Sheria hiyo imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili, 2024. Kila taasisi inayokusanya au kuchakata taarifa za watu, iwe ya umma au ya binafsi, inatakiwa kujisajili kwa Tume hiyo.

Mwananchi amepata nini katika sheria hii? Kwanza, anayekusanya taarifa hana budi kuwa na sababu halali iliyo wazi, naye anapaswa kumweleza mwenye taarifa sababu hiyo. Yaani swali letu la "ya nini?" limepewa nguvu ya sheria. Pili, achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi hiyo. Tatu, asikae nazo kupita muda unaohitajika. Nne, azilinde. Mwenye taarifa naye ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake, kutaka kosa lisahihishwe au lifutwe, kukataa taarifa zake zisitumiwe kumletea matangazo ya biashara, na kudai fidia akidhurika.

Adhabu si ndogo. Mtu anayetoa taarifa binafsi za mwingine kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa mkosaji ni kampuni, faini yaweza kufika shilingi bilioni 5.

Na yule baba mkwe? Naye pia ni mwenye taarifa. Namba yake imechukuliwa bila yeye kuulizwa na kutumiwa kumsumbua kwa deni lisilo lake. Sheria haisemi kwamba ni mkopaji peke yake awezaye kulalamika. Baba mkwe, mwalimu na mjumbe, kila mmoja anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume.

Si kwamba sheria hii imezaliwa bila dosari. Mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanasheria mmoja, iliona kwamba baadhi ya maneno katika vifungu vya 22 na 23 hayakuwa bayana vya kutosha, ikaagiza yarekebishwe katika muda wa mwaka 1. Jambo hilo lisitukatishe tamaa. Sheria inayohojiwa mahakamani na kunyooshwa ni sheria hai, na aliyeihoji amefanya kazi ya wananchi wote.

MAJIRANI WAMEFANYAJE

Wenzetu wa Kenya walitunga sheria ya namna hii mwaka 2019, na mifano yao inafundisha. Mwezi Septemba 2023 ofisi yao ya kulinda taarifa iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huohuo kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni ilitozwa shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine na kuwatumia vitisho. Mwezi Oktoba 2021, Mahakama Kuu ya huko iliuona utoaji wa kadi za Huduma Namba kuwa haramu, kwa sababu Serikali haikuwa imepima kwanza madhara ambayo mpango huo ungeweza kuleta kwa taarifa za watu.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba sheria ya namna hii huanza kuuma pale mzazi mmoja, au mdaiwa mmoja, anapokataa kunyamaza.

TUANZIE NYUMBANI

Kabla ya kufika mahakamani, yako mengi yaliyo katika uwezo wetu wenyewe.

Kwanza, hakikisha ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Bonyeza *106# na ufuate maelekezo. Ukiona namba usiyoijua, nenda katika duka la kampuni ya simu inayohusika ukaiondoe. Wasaidieni wazee kufanya hivyo, maana wao ndio walioambiwa mara nyingi kwamba vidole vyao vimesuguliwa na jembe na "havishiki".

Pili, ujumbe wa utapeli usiufute tu kwa hasira. Upeleke kwa namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma, ili namba hiyo ifuatiliwe.

Tatu, nakala ya kitambulisho ukiipeleka kuchapwa, simama hapo hadi kazi iishe, kisha mwombe mwenye duka aifute mbele yako. Mwenye duka mwema hatakasirika. Atajifunza kwamba wateja wake ni watu wa kuangalia, naye ataijenga sifa ya duka lake kwa hilo.

Nne, programu ikiomba ruhusa, isome. Programu ya tochi haina kazi na majina ya shangazi zako. Programu ya mkopo haina haki ya kuwafanya wakwe zako wadhamini bila wao kujua. Ikikataa kufanya kazi bila ruhusa hiyo, basi imekwisha kukuonyesha biashara yake ni ipi.

Tano, picha za watoto. Mzazi anayefurahia matokeo ya mtihani wa mwanawe ana haki ya kufurahi. Lakini picha yenye jina kamili, sare ya shule na mtaa aishipo mtoto ni ramani. Furaha hiyo yaweza kupelekwa kwa bibi na babu bila kupelekwa kwa dunia nzima.

NA SISI PIA TUNAKUSANYA

Lakini tusilaumu makampuni peke yake. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anayetundika katika kundi la WhatsApp majina ya waliochelewa kulipa, pamoja na kiasi wanachodaiwa, amefanya kazi ileile ya mkopeshaji wa mtandaoni, ila yeye anaitwa ndugu. Mwenye nyumba anayeweka nakala za vitambulisho vya wapangaji wake katika kabati lisilo na kufuli, mhudumu wa zahanati anayemtaja mgonjwa kwa sauti mbele ya foleni, mwalimu anayesambaza namba za wazazi, mwajiri anayeacha mafaili ya wafanyakazi juu ya meza: wote wameshika amana za watu.

Kila mmoja wao anaweza kulitengeneza jambo lake leo bila gharama. Mweka hazina amwandikie mdaiwa peke yake. Mwenye nyumba anunue kufuli. Ofisi ifunike majina ya wageni waliotangulia kwa kipande cha karatasi ngumu, au impe kila mgeni karatasi yake. Mhudumu aite namba badala ya kutaja ugonjwa. Haya ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayomfanya mtu aingie mahali bila hofu na kutoka na heshima yake.

Wako watakaosema kwamba kuuliza "ya nini?" ni utovu wa adabu, hasa mtu anapoulizwa na mkubwa au na ofisi. Sivyo. Swali hilo linaweza kuulizwa kwa upole: "Samahani ndugu, namba hii mtaitumia kwa kazi gani?" Mwenye sababu halali atajibu kwa sentensi moja. Asiye nayo ndiye atakayekasirika, na hasira yake ndiyo jibu.

Kila mwaka vijana wetu wanafikisha umri wa miaka 18, wanapata namba ya Kitambulisho cha Taifa na kwenda kusajili laini kwa majina yao wenyewe. Tunawafundisha jinsi ya kusalimia, jinsi ya kuvuka barabara kuu na jinsi ya kuhifadhi fedha. Tuwafundishe na hili: kwamba kidole watakachoweka kwa wakala ni sahihi yao, kwamba majina yaliyomo katika simu zao ni amana za watu wengine, na kwamba ni haki yao, kabla ya kukiweka kidole hicho mara ya pili, kuuliza ni ya nini.